Kumpima H. pylori au kupima viashiria vya saratani: uanze na kipi?

Mjomba alinipa bahasha huku anatabasamu. Ndani mlikuwa na karatasi moja ya maabara yenye mistari mitatu ya viashiria vya saratani kwenye damu: CEA 1.8, CA 19-9 12, CA 72-4 2.3, na mbele ya kila namba neno "kawaida".

"Mjomba," akaniambia (sisi huitana hivyo wote wawili), "saratani ya tumbo sina. Nimepima."

Ana miaka 41. Kwa miezi kadhaa alikuwa akilalamika kiungulia, gesi, na maumivu ya chembe ya moyo yanayomwamsha usiku. Hofu yake ilikuwa na sababu: babu, yaani baba yake mzazi, alifariki kwa saratani ya tumbo. Nikamwuliza kipimo cha bakteria kimesemaje. Akanitazama.

"Bakteria gani?"

Watu wengi wanaoogopa saratani ya tumbo hukutana na vipimo hivi viwili kana kwamba ni aina mbili za kitu kimoja, uchague tu unachopenda. Sivyo. Kipimo cha H. pylori, bakteria wa tumboni, kinauliza kama chanzo kikubwa cha ugonjwa kipo tumboni sasa hivi. Viashiria vya saratani kwenye damu vinauliza kama uvimbe ambao tayari upo umeanza kumwaga kitu kwenye mzunguko wa damu. Swali la kwanza ukilijibu unaweza kuchukua hatua. La pili, kwa mtu ambaye hajagundulika na saratani, mara nyingi halijibiki hata ukipima kila mwezi. Msimamo wangu uko hapo, na kila kinachofuata ni sababu zake.

Mmoja hutangulia miaka, mwingine hufika mwisho

H. pylori huishi ndani ya ute unaofunika ukuta wa tumbo, mahali ambapo asidi ingepaswa kummaliza. Anajiokoa kwa kimeng'enya kiitwacho urease: kinavunja urea kuwa amonia na kabonidioksaidi, na amonia hiyo inapoza asidi inayomzunguka. Kumbuka hili, maana vipimo viwili nitakavyovieleza vimejengwa juu yake. Barry Marshall na Robin Warren walifanikiwa kumwotesha maabara mwaka 1982 huko Perth, Australia. Mwaka 1984 Marshall akanywa mwenyewe kimiminika chenye bakteria hao ili aone kitakachompata, na tumbo lake likashikwa na mchochota, yaani ukuta wake ukawaka na kuvimba. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kabla ya hapo, mwaka 1994, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilikuwa limeshamweka bakteria huyu kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Maambukizi huanza utotoni mara nyingi, ndani ya familia, na yasipotibiwa hubaki kwa miongo. Karibu nusu ya watu duniani wamekuwa nayo. Njia ya kuelekea saratani aliichora daktari wa patholojia Pelayo Correa: kwanza mchochota usiokwisha, kisha utando unasinyaa na kupoteza tezi zinazotoa asidi, kisha metaplasia, ambapo seli za tumbo zinaanza kufanana na za utumbo, kisha displasia, ambapo seli zinaanza kupoteza umbo na mpangilio wake, na mwisho saratani. Wengi huishia kwenye hatua ya kwanza maisha yao yote. Kati ya watu 100 wenye bakteria, wanaopata saratani ni mmoja hadi watatu.

Mmoja hadi watatu ni wachache, lakini tazama upande wa pili. Utafiti uliochapishwa Japani mwaka 2001 uliwafuatilia watu 1,526 kwa wastani wa miaka karibu 8. Kati ya 1,246 waliokuwa na H. pylori, 36 walipata saratani ya tumbo. Kati ya 280 wasiokuwa naye, hakuna hata mmoja.

Viashiria navyo vinaingia wapi kwenye safari hii? Inategemea unavitafuta wapi. Ukikata kipande kidogo cha ukuta wa tumbo na kukiweka chini ya hadubini, mabadiliko yanaonekana mapema sana. Kwenye mchochota tu, Ki-67, protini inayoonekana kwenye seli zinazogawanyika, huwa imeshapanda. Metaplasia ikianza, zinatokea CDX2 na MUC2, ambazo ni vitambulisho vya utumbo, huku MUC5AC ya tumbo ikipungua. Kwenye displasia p53, protini ya kulinda seli isiwe saratani, huanza kujikusanya ndani ya viini vya seli. Jeni ya E-kadherini, ile gundi inayozishika seli pamoja, inaweza kuzimwa kwenye utando wenye bakteria, na imeonekana ikirudi baadaye kwa baadhi ya waliotibiwa.

Kwenye damu mambo ni tofauti. CEA na CA 19-9 hupanda hasa uvimbe ukishakuwa mkubwa, umetoboa tabaka za ukuta, au umefika kwenye tezi za limfu na ini. Miaka yote ile ya Correa, damu iko kimya.

   

Viashiria vya damu vikitazamwa kimoja kimoja

CEA ndiyo ya zamani kuliko zote. Iligunduliwa na Phil Gold na Samuel Freedman huko Montreal, Kanada, mwaka 1965, kwenye saratani ya utumbo mpana. Kikomo chake cha kawaida ni nanogramu 5 kwa mililita. Mvuta sigara mzima wa afya anaweza kukipita bila saratani yoyote.

CA 19-9 ina kikomo cha 37. Inapanda hata kongosho likivimba au njia ya nyongo ikiziba. Na ina tundu ambalo karatasi ya majibu haikuambii: watu kati ya 5 na 10 kwa kila 100 hawana kimeng'enya cha kuitengeneza CA 19-9, ambayo ni sukari. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na uvimbe mkubwa na kipimo kikaendelea kusoma karibu na sifuri. Ile "kawaida" yake haina maana yoyote.

CA 72-4 inapendwa zaidi kwa tumbo, na kwa kweli inazizidi hizo mbili kidogo, ila ni kidogo mno. Nimeona pia watu wakipoteza usingizi kwa sababu yake kumbe wana jongo na wanameza kolkisini, hali ambayo inaweza kuipandisha.

Sasa hesabu yenyewe. Ukiwakusanya wagonjwa ambao saratani ya tumbo imeshathibitishwa, hatua zote kwa pamoja, kila kimoja cha viashiria hivi kinakuwa juu kwa wagonjwa wawili hadi watatu hivi kati ya kumi. Kwenye hatua ya kwanza, ile ambayo mgonjwa anaweza kupona kabisa, ni kama mmoja kati ya kumi. Kwa hiyo kipimo kinawaacha tisa waende nyumbani wakitabasamu na bahasha kama ya mjomba. Ndiyo maana miongozo ya tiba haishauri kutumia viashiria vya damu kumchunguza mtu asiyejulikana kuwa na saratani, hata kama vinauzwa kwenye vifurushi vya "uchunguzi kamili wa afya". Vifurushi hivyo vinaniudhi, nisifiche.

Kumpima bakteria: njia nne, na mitego yake

Hapa ndipo penye uchaguzi wa kweli, kwa sababu njia ni kadhaa na si sawa.

Kipimo cha pumzi ndicho ningekichagua mimi kama kinapatikana. Unapuliza kwenye mfuko wa kwanza, unakunywa urea iliyotiwa alama ya kaboni-13, unakaa karibu nusu saa, unapuliza mfuko wa pili. Kama bakteria yupo, urease yake inaivunja ile urea, na kaboni yenye alama inatoka kwenye pumzi. Hakuna sindano wala mpira kooni. Ukijiandaa vizuri, kinawakamata karibu 95 kati ya 100 wenye maambukizi. Kuna toleo la kaboni-14 lenye mionzi kidogo sana. Kwa mjamzito na mtoto huchaguliwa kaboni-13.

Kipimo cha choo kinatafuta antijeni, yaani vipande vya bakteria mwenyewe. Kikifanyika maabara kwa kingamwili za monokloni, hakipitwi sana na pumzi. Vile vya haraka vya kijiti kimoja ni dhaifu zaidi. Kwa mtoto mdogo asiyeweza kupuliza kwa maelekezo, hiki ndicho.

Vyote viwili vina adui mmoja, na adui huyo anakaa kwenye droo ya karibu kila mtu mwenye kiungulia: omeprazo na ndugu zake, yaani dawa za kupunguza asidi. Dawa hizi zinampunguza bakteria na kumsukuma sehemu za juu za tumbo bila kumuua, kipimo kinasoma hasi, na mtu anaambiwa yuko safi. Ziachwe wiki 2 kabla ya kupima. Antibiotiki na dawa za bismuthi ziachwe wiki 4. Ukiulizwa jambo moja tu kabla ya kupima, liwe hili. Na usipoulizwa, liseme mwenyewe.

Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili. Ni rahisi, kinapatikana kila mahali, na omeprazo haikisumbui. Kasoro yake ni kwamba kingamwili zinabaki miezi, hata miaka, baada ya bakteria kuuawa. Chanya inaweza kuwa kovu la vita vilivyokwisha zamani. Kwa hiyo hakifai kabisa kuthibitisha kama dawa zimefanya kazi, na ukikuta mtu anamezeshwa antibiotiki mara ya pili na ya tatu kwa sababu "damu bado chanya", huenda anatibiwa ugonjwa ambao hana tena.

Njia ya nne ni kipande cha ukuta wa tumbo kinachochukuliwa wakati wa endoskopi, yaani kamera inayopitishwa kooni hadi tumboni. Kinaweza kutumbukizwa kwenye kijitundu chenye jeli ya manjano yenye urea. Bakteria akiwepo, amonia inaibadilisha rangi jeli kuwa ya waridi mbele ya macho yako, wakati mwingine kabla mgonjwa hajamaliza kufuta mate. Vipande vingine huenda kwa daktari wa patholojia. Mfumo wa Sydney unataka vitano: viwili sehemu ya chini ya tumbo, viwili sehemu ya kati, na kimoja kwenye kona. Kipande kimoja tu kinaweza kuangukia mahali ambapo bakteria hayupo. Faida ya njia hii hakuna nyingine inayoifikia: inakuambia bakteria yupo au hayupo, na pia amekufikisha hatua ipi kwenye ile njia ya Correa.

Hasi inayotisha kuliko chanya

Kuna jambo moja linalowachanganya hata wahudumu wa afya. Utando ukisinyaa sana na asidi ikaisha, tumbo linakuwa makazi mabaya kwa H. pylori, naye anaondoka. Mtu anapimwa, anakuwa hasi, wakati uharibifu aliouacha bakteria uko palepale.

Japani walitengeneza njia ya kulikabili hili kwa damu. Wanapima kingamwili za H. pylori pamoja na pepsinojeni, protini zinazotengenezwa na tezi za tumbo. Tezi zikifa, pepsinojeni ya kwanza inashuka. Mpaka uliozoeleka ni nanogramu 70 kwa mililita au chini yake, huku uwiano wake na pepsinojeni ya pili ukiwa 3 au chini. Kisha watu wanapangwa makundi manne. A hana bakteria na pepsinojeni yake ni nzuri. B ana bakteria, tezi bado nzima. C ana bakteria na tezi zimekufa. D ana tezi zilizokufa na kingamwili za bakteria hazionekani tena. Mwenye hatari kubwa kuliko wote ni huyo D.

Ukitaka kipimo cha damu kinachosema kitu cha maana kuhusu hatari ya saratani ya tumbo kabla haijatokea, basi ni hiki, si CA 72-4. Hata hivyo si kipimo cha saratani. Kinachagua nani awekewe kamera mapema, wala hakioni ile saratani ya aina ya kusambaa kwa kificho, hasa ya kurithi kupitia jeni ya CDH1, ambayo haipiti njia ya Correa.

Vipimo vyote viwili visipofaa

Ukiwa unapungua uzito bila sababu, chakula kinakwama kooni, unatapika damu au kila unachokula, choo ni cheusi kama lami, au damu imepungua na haijulikani inakwenda wapi, achana na ulinganisho wote huu. Si pumzi wala CEA. Ni endoskopi, haraka. Bakteria akikutwa haondoi uwezekano wa saratani, na kidonda kinachovuja damu kinaweza kufanya vipimo vya bakteria visome hasi kwa uongo.

Saratani ikishathibitishwa

Sasa viashiria vinapata kazi yao halali. CEA na CA 19-9 hupimwa kabla ya upasuaji ili pawe na namba ya kuanzia. Kama zilikuwa juu na zikashuka baada ya upasuaji, kisha baada ya miezi zikaanza kupanda tena kipimo baada ya kipimo, daktari anatafuta kama ugonjwa umerudi, wakati mwingine kabla picha haijaonyesha kitu. Namba moja peke yake haina uzito. Mwelekeo ndio unaozungumza, na upimie maabara ileile, kwa sababu mashine tofauti hutoa namba tofauti. Kama kiashiria hakikuwa juu tangu mwanzo, kukifuatilia hakuna faida kubwa.

Viashiria vya kwenye nyama, yaani kwenye kipande cha saratani yenyewe, ndivyo vinavyochagua dawa. HER2, protini inayochochea seli za saratani kukua, ni mfano mzuri: kama mgonjwa mmoja kati ya watano mwenye saratani iliyosambaa anayo kwa wingi, na utafiti wa ToGA wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kuongeza trastuzumab, dawa inayoilenga HER2, kwenye kemotherapi kulisogeza wastani wa kuishi kutoka miezi 11.1 hadi 13.8. MSI na PD-L1, viashiria vingine vya kwenye nyama, husaidia kujua nani atafaidika na dawa za kuamsha kinga ya mwili. Hizi usikubali zikose kupimwa kwenye kipande cha saratani.

Bakteria je, bado ana maana wakati huu? Kwa aliyeondolewa saratani changa kwa endoskopi na tumbo lake likabaki, ndiyo. Utafiti wa Korea Kusini uliochapishwa 2018 ulifuatilia wagonjwa wa namna hiyo: waliotibiwa H. pylori walipata saratani mpya tumboni 7.2 kwa kila 100, na wasiotibiwa 13.4.

Na kwa mtu mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua, watafiti wa nchi hiyohiyo walitoa jibu mwaka 2020. Waliowafuatilia kwa miaka zaidi ya 9 waliona saratani kwa watu 10 kati ya 832 waliopewa dawa halisi, na 23 kati ya 844 waliopewa vidonge tupu. Sijui kiashiria chochote cha damu ambacho kukipima tu kumewahi kupunguza saratani kiasi hicho.

Hesabu hiyo ndiyo niliyompa mjomba. Kwa sababu ya historia ya babu, daktari hakuishia kwenye pumzi, alimwekea kamera. Jeli iligeuka waridi. Majibu ya patholojia yalisema mchochota wa muda mrefu wenye H. pylori, tezi zimeanza kusinyaa kidogo chini ya tumbo, metaplasia haipo. Alimeza dawa nne kwa siku 14, akilalamika kila siku kuhusu ladha ya chuma mdomoni na ulimi mweusi, akafika mwisho. Zaidi ya wiki 4 baadaye, omeprazo ikiwa imeachwa wiki 2, alipuliza ile mifuko miwili. Hasi.

"Na zile namba tatu," akaniuliza, "nizirudie lini?"

Nikamwambia asizirudie. Kisha nikamwomba namba ya simu ya mama mdogo, na jioni hiyohiyo nikampigia mama. Wote ni watoto wa babu yuleyule, walikulia nyumba ileile, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupuliza ule mfuko.